Barabara Uliyowachorea Wengine

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, 15 Juni.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu nyingi. Hujambo? Na wifi je, kile kifua chake kimepoa? Sisi huku wazima. Mama magoti humsumbua asubuhi tu, ikifika mchana anasahau. Mimi niko na cherehani yangu, sare za shule zimenijaa mpaka kitandani.

Picha uliyotuma imefika. Kwa hiyo ndio huo mtaa uliouchora? Nimeutazama mpaka macho yakaniuma, na nikwambie ukweli, nimeona wivu. Barabara umeibana, kona umezijaza maua, katikati umeweka kijukwaa mtu asimame kabla hajamaliza kuvuka. Halafu kuna yule mama mlangoni, kikombe mkononi, mtoto wake yuko katikati ya barabara, na wala hamtazami! Huyo ndiye aliyeniudhi. Mimi kila asubuhi naacha nguo chini ya sindano nikamvushe Kiherehere wangu, na jioni vilevile, roho juu. Binti kafika miaka tisa, anataka kwenda shule peke yake. Nimemkatalia. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata ndugu zake?

Basi tukaamua kujichorea wenyewe. Mchora mabango alileta rangi, baba mdogo akaleta matairi mabovu, tukaiweka picha yako chini tukaiga. Wewe ulibana kona ya kulia gari linapoingia mtaani, nasi tukabana kulia. Magari yakaendelea kuingia mtaani mbio kama jana. Dereva wa lori la mchanga akatucheka mpaka akazima injini: "Nyie vipi? Mmemzuia anayetoka, anayeingia mmemwachia mlango wazi!" Kumbe huko kwenu wanaendesha upande wa kulia. Hata makosa tumeazima kwa wenzetu. Tulifuta, tukahamishia kushoto, na kweli sasa magari yanapunguza mwendo. Hata huyo wa lori anakanyaga breki, ingawa ananuna.

Sasa manispaa wamekuja juu. Bwana wa barabara amesema mwisho wa mwezi huu rangi yetu itafutwa na matairi yatabebwa, labda tulete mchoro wenye muhuri wa mhandisi. Nikamwambia mhandisi ninaye, ila ni wa watu. Alidhani natania.

Sikutaka kukuomba, kaka. Nilitaka ukumbuke mwenyewe. Nimekaa na hiyo jeuri wiki nzima, lakini jeuri yangu haisimamishi gari. Kwa hiyo nimeipima barabara kwa futi yangu ya kushonea, nimeinama katikati kama nimedondosha sindano, huku baba mdogo akiwazuia madereva kwa kitambaa chekundu cha mteja. Nilitukanwa siku hiyo, acha tu. Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Tuchoree, piga muhuri, tuma haraka. Maua usituwekee, mbuzi watayamaliza.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Baba mdogo anakusalimu pia, siku hizi anajiita trafiki na hataki kurudisha kitambaa. Mpe wifi mkono wangu.

Kiherehere naye ana salamu zake. Juzi aliniuliza kama mjomba anaijua barabara yetu. Nikamwambia anaijua sana, hapo ndipo alipokuwa akinivusha mimi kwenda shule, kanishika mkono hadi ng'ambo. Nilidhani atafurahi. Akanitazama, akasema, "Wewe ulivushwa. Mimi je?" Wivu kaurithi kwangu.

Mungu akulinde huko uliko, na akukumbushe huku ulikotoka.

Wako akupendaye, tena tangu kabla ya hao unaowachorea,
Mdogo wako, fundi.