Swali la Kwanza, Alama Arobaini

Jumamosi, 5 Novemba 2016
Saluni mtaani Yeoville tangu asubuhi, kusukwa. Masaa manne kitini, makalio yamekufa ganzi. Mama Furaha wa Lubumbashi anasuka, macho kwenye televisheni: uchaguzi wa Marekani. "Mwalimu, ule tajiri atapita. Weye utaona." Nimecheka. Siasa za Marekani nazifundisha chuoni Braamfontein, mwaka wa tatu huu. Yeye anafundisha nini? Tumewekeana dau. Akishinda yule mama, nasukwa bure. Akishinda tajiri, nampikia pilau.

Jumatatu, 7 Novemba
Mtihani wangu ni Ijumaa. Niliutunga Septemba. Ulishachapwa na kufungwa kwenye bahasha za ofisi ya mitihani. Msomaji wa pili, wa kuukagua kabla haujachapwa, alikuwa Mzee Themba wa idara yetu, anayesinzia vikaoni mpaka kidevu kinagusa tai. Sijui huwa anasoma nini. Aliponirudishia karatasi nilitia saini bila kuitazama, nawahi darasa.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Mkuu wa idara kasema barua ya kuuendeleza itatoka baada ya mitihani, kama hakuna tatizo. Tatizo litoke wapi?

Jumatano, 9 Novemba
Tajiri kashinda.

Basi zima linaonyeshana simu. Nimeteremka, nimenunua chai. Kikombe mdomoni, nikakumbuka. Swali la kwanza, la lazima, alama arobaini: "Eleza sababu tatu zilizomfanya mgombea wa kike ashinde."

Septemba nilikuwa na uhakika. Mjinga mkubwa mimi. Mama kule Tanga hachoki kusema: usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Mimi nimekata, nimeshona, nimepiga na pasi.

Alhamisi, 10 Novemba
Ofisi ya mitihani: bahasha hazifunguliwi mpaka asubuhi ya mtihani, mbele ya wanafunzi. Labda mkuu wa idara aandike barua. Yaani nikajishtaki kwake, wiki hii ya mkataba. Nimefika mlangoni pake mara mbili. Mara mbili nimegeuka. Mwoga.

Naona picha ya lile swali ikizunguka kwenye simu za chuo kizima. Mwalimu wa siasa asiyejua nani kashinda. Sijala tangu jana.

Nimeamua. Kesho nasimama mbele yao, nasema nimekosea. Mkataba na uende.

Ijumaa, 11 Novemba
Wamekata bahasha. Nimesimama mbele ya ukumbi, nimefungua karatasi ili nilisome kosa langu kwa sauti.

"Eleza sababu tatu zilizomfanya mgombea aliyeshinda ashinde."

Nimesoma tena. Nikakaa. Msimamizi kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia hapana, mama, nimepona sasa hivi.

Moja kwa moja kwa Mzee Themba. Alikuwa macho, anamenya chungwa. Kumbe aliyapiga mstari maneno yangu kwa penseli tangu Septemba, akaandika yake pembeni, na nikayatilia saini bila kuyaona. "Binti yangu, nimezeeka katika nchi hii," kasema. "Simtaji mshindi kabla kura hazijahesabiwa." Kanipa nusu ya chungwa. Hakuuliza kitu.

Nimelia kwenye lifti. Furaha tupu, na aibu kidogo. Jioni nimekula sahani mbili za ugali.

Jumapili, 13 Novemba
Pilau nimelipeleka Yeoville, sufuria zima. Dau ni dau. Mama Furaha hakunicheka hata kidogo. Alikula tu, akasema chumvi imepungua.

Jumanne, 15 Novemba
Barua imekuja. Mwaka mmoja zaidi. Alhamdulillahi.

Nimesahihisha tangu asubuhi. Wengine wanaeleza ushindi kama waliuona unakuja. Nimewapa alama zao.

Mchana Mzee Themba kapita na mtihani wake wa marudio, niwe msomaji wa pili. Kurasa mbili tu. Nimefunga mlango, nimesoma neno kwa neno, mara tatu. Sikuona kosa. Nimetia saini.