Mguu Wangu Ndani ya Kiatu cha Rehema

Jumanne, Mtoni Kijichi. Manyunyu tangu alfajiri, si mvua ya kulalamikia. Nimeamka na pumzi ya kutosha kukaa kitini, kwa hiyo nimekaa.

Wanaosoma ukurasa huu mara kwa mara wananijua: fundi mstaafu wa viatu vya tiba, miaka thelathini na tatu katika karakana ya hospitali, na sasa mwenye moyo ambao daktari anasema umetanuka na umechoka. Hakunificha. Aliniambia nipange mambo yangu. Nimeyapanga mengi. Kiwanja kina hati, nguo zangu nimeshasema ziende kwa nani, padri amekuja mara mbili.

Jambo moja nililibakiza, hata kwa padri.

Leo nimelisema kwa mtu aliyestahili kulisikia kwanza. Ndiyo maana naweza kuliandika.

Mtu huyo ni Rehema, binti yangu. Ana miaka hamsini na miwili, anafundisha darasa la tatu huku huku Temeke, na tangu mama yake afariki anaishi nami. Ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo namwita mama. Ana nyayo bapa. Kwa asiyejua: unyayo wa watu wengi una upinde upande wa ndani, na ukikanyaga sakafu kavu kwa mguu uliolowa, sehemu ile haiachi alama. Rehema akitoka bafuni anaacha unyayo mzima, kama mhuri. Alizaliwa hivyo. Bibi yake aliyempa jina alikuwa hivyo pia, na alilima mpaka uzeeni bila kutaja mguu.

Hilo la bibi yake nilipaswa kulifikiria mapema.

Alipokuwa na miaka saba hakuna kilichomuuma. Naomba msomaji alishike hilo. Alikimbia, aliruka kamba, alicheza rede mpaka aitwe mara tatu. Aliyeumwa ni mimi. Nilikuwa fundi wa miguu niliyesomea ng'ambo, na binti yangu alipokuja karakana wenzangu walimtazama anavyotembea. Mmoja akanitania, "Fundi, hata wa nyumbani hujamnyoosha?" Nikacheka nao. Wiki ile ile nikamtengenezea viegemeo.

Kiegemeo ni kitu kidogo. Ni kipande cha kulaza ndani ya kiatu, chenye kinundu cha kupandisha unyayo pale penye upinde. Namna inayotakiwa ni kuchukua umbo la mguu wa mgonjwa mwenyewe kwa plasta, ule unga mweupe unaoganda ukichanganywa na maji, kisha kuchonga kulifuata. Inakula muda, na plasta ilikuwa haba. Kwenye rafu yangu lilikuwepo umbo la plasta la mguu wangu mwenyewe, lililochukuliwa nilipokuwa mwanafunzi. Mwalimu wetu aliwahi kulinyanyua mbele ya darasa na kusema hivi ndivyo upinde unavyotakiwa kuwa. Nilimwamini kuliko alivyokusudia.

Basi nilipima urefu na upana wa mteja, lakini upinde niliutoa kwenye rafu. Nikaukuza au kuupunguza kufuata saizi ya kiatu. Akina mama wa sokoni, askari, makarani, wachinjaji wa Vingunguti wanaosimama kutwa, wote walitoka karakana wakitembea juu ya mguu wangu.

Na Rehema.

Vyake vilikuwa vya mpira mgumu, juu yake ngozi. Siku ya pili alirudi shule anachechemea. Nikamwambia mguu unajifunza, avumilie. Akavitoa, akavificha nyuma ya ndoo ya unga. Nikavibandika kwa gundi. Akavibandua kwa kijiko. Nikamchapa, nikavibandika tena. Mwalimu wake wa michezo aliponiuliza kwa nini mtoto haji tena kwenye netiboli, nilimjibu kwamba huyu ni mvivu tu.

Rehema alikuwa amesimama hapo hapo, amenishikia mkoba.

Mwaka ulipopita akaja Bi Zainabu, mama wa makamo aliyekuwa akikaanga samaki Tandika, amesimama kwa miguu yake miwili tangu asubuhi mpaka jioni. Aliviweka viegemeo vyake juu ya meza yangu, vimelowa mafuta.

"Fundi, nikuulize," akasema. "Siku ile ulinipima mie, au ulijipima mwenyewe?"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nami nikacheka. Nikamwambia avizoee.

"Nizoee mwiba? Vivae wewe, mwanangu, kisha tuzungumze."

Alipoondoka nilivua kiatu changu nikakanyaga kimoja. Urefu ulipungua kidogo. Lakini pale kati, penye upinde, kilinikaa vizuri mno. Sijawahi kuvaa kitu kilichonikaa vile.

Nilijua palepale.

Mwezi uliofuata nilibadili kazi. Kila mteja nikachukua umbo lake, akiwa amekaa, mguu umegusa tu bila kubeba uzito. Nikajifunza kwamba nilikuwa nasukuma mahali pasipofaa. Mguu bapa mara nyingi unalalia ndani kuanzia kisiginoni, na ukikishika kisigino kwenye kikombe kifupi kikasimama wima, upinde unapumzika wenyewe na unahitaji msaada mdogo tu. Msaada huo nikauweka wa sponji laini, tabaka moja, na baada ya wiki mbili nikauliza kama liongezwe la pili. Asiyeumwa nikamrudisha nyumbani bila kitu. Nikaanza pia kuwauliza watu wanavaa nini ndani, maana nusu ya siku yetu viatu viko mlangoni, na kiegemeo kilicho mlangoni hakimsaidii mtu aliye jikoni. Nikawa nabandika viegemeo kwenye malapa.

Watu walinisifu. Vijana walikuja kujifunza kwangu. Bi Zainabu alileta samaki. Umbo la mguu wangu nililivunja kwa nyundo, nikasema limeanguka.

Nyumbani sikubadili chochote.

Kuvibadili viegemeo vya Rehema kungenilazimu kueleza kwa nini, na nilikuwa nimeshamchapa. Nikangoja. Alipofika darasa la tano viatu vikambana, nikanunua vipya, nikaviacha bila kitu ndani, nikamwambia sasa umepona.

Akanishukuru.

Miguu ilianza kumuuma kweli alipopita umri wa miaka arobaini, kwa kusimama ubaoni. Sijui kama kazi yangu ilichangia. Wako wenye nyayo bapa wanaoanza kuumwa ukubwani bila kuguswa na fundi yeyote. Sitajibebesha nisichokijua, wala sitajisafishia nacho. Ninachokijua ni maelezo anayoyatoa mwenyewe. Amemwambia jirani, amewaambia wanakwaya, aliwaambia hata watu waliokuja kumzika mama yake. "Mie nilikuwaga mkaidi. Baba alinitengenezea kabisa, mie nikawa navitoa. Sasa hivi ndo nalipa."

Kila aliposema hivyo nikiwepo, niliomba maji ya kunywa, au nikageuza gazeti.

Hajawahi kuniomba viegemeo vingine. Nadhani aliona nafasi yake alishaichezea.

Leo amerudi saa nane na mfuko. Ndani yake kipande cha ngozi, kipande cha mpira mgumu, sponji, na kiatu cha shule cha Neema, mjukuu wake wa miaka mitano anayekaa na wazazi wake Mbezi. Jumapili walikuwa hapa, na Neema alitoka kuoga akaacha mhuri ule ule sakafuni.

"Baba, kabla hujachoka zaidi," akasema, "mtengenezee huyu. Ana mguu wangu. Mtengenezee kama vile vyangu vya zamani. Mama yake nimeshaongea naye. Safari hii nitasimamia mie, huyu hatavitoa." Akaupapasa mfuko. "Gundi ninayo."

Nilikitazama kile kiatu. Kinaenea kwenye kiganja changu.

Nikamuuliza kama Neema anaumwa. Akasema hapana, mtoto gani wa umri ule anaumwa miguu, lakini ataumwa.

"Mama, kaa," nikamwambia.

Nikamweleza, kwa mpangilio niliouandika hapa. Rafu, plasta, gundi, Bi Zainabu, nyundo. Nilisimama mara mbili kutafuta pumzi, na mara zote mbili alingoja bila kunisaidia neno. Nilipomaliza, hakulia. Aliuliza kama anavyowauliza watoto wake darasani, moja moja.

"Kwa hiyo vilikuwa vinauma kweli."

"Vilikuwa vinauma kweli."

"Na ulijua."

"Mwaka wa kwanza sikujua. Baada ya hapo nilijua."

"Mwaka wa kwanza nilikwambia."



Akainuka akaenda uani. Nilimsikia akianua nguo zilizokuwa zinanyeshewa tangu asubuhi, kazi ya dakika mbili, akachukua muda mrefu. Kisha nikamsikia kwenye simu na mama yake Neema. "Achana na ile ishu ya viatu. Hapana. Haumwi, si haumwi? Basi mwache acheze." Akaulizwa jambo. "Hapana, si babu. Mie ndo nimesema."

Aliporudi alisimama mlangoni na nguo mkononi.

"Kwenye netiboli nilikuwa mfungaji," akasema.

Nikamwambia sikujua.

"Hungejua. Hukuja hata siku moja. Nilikuwa mfungaji, tena mzuri, Mwalimu alikuwa ananiita Mashine. Halafu nikawa mvivu."

"Hukuwa mvivu, mama. Wala mkaidi. Ulikuwa unasema kweli, na mimi nilikuchapa kwa kusema kweli."

Nikaomba msamaha hapo, kwa maneno machache. Sikutaja moyo wangu wala daktari, maana kufanya hivyo kungekuwa kumvuta mkono.

"Ngoja kwanza, Baba," akasema. "Mie sijafika huko."

Nikasema nitangoja. Wote wawili tunajua huo muda wa kungoja si mrefu.

Akakung'uta nguo zote. Akazipeleka ndani. Nilidhani siku imeishia hapo, na nilikuwa nimeshairidhia. Lakini alirudi, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu na kuweka miguu yake mitupu juu ya mkeka. Imevimba kidogo kwa pembeni, chini ya kifundo.

"Basi hiyo ngozi isipotee bure. Nipime mie."

Nikamwomba beseni la mchanga mbichi kutoka kwa jirani anayejenga. Akaleta, akausawazisha kwa kiganja. Nikamwambia akae wima, aushushe mguu taratibu, asiukandamize. Nilimshika kwenye kifundo tu, nikamwachia aweke mwenyewe. Alipoutoa nikaingiza kidole kwenye alama, upande wa ndani, mbele kidogo ya kisigino. Mchanga pale ulikuwa umebaki juu. Kidogo sana, kama unene wa sarafu mbili, lakini umebaki juu.

Miaka arobaini na mitano nimesema huyu mtoto hana upinde.

Nikamshika kidole nikamwonyesha. Akapapasa, akaguna. Kisha akaleta mguu wa pili bila kuambiwa.

"Sikiliza, Baba," akasema, huku akiutazama mchanga. "Nikisema panauma, panauma."

"Panauma."

"Hata kama wewe unaona pamekaa."

"Hata kama naona pamekaa."

Sasa ni saa kumi na moja. Rehema yuko jikoni. Nimemimina plasta kwenye zile alama mbili, ya mwisho niliyokuwa nayo kwenye kopo, na kwa unyevu huu itachelewa kukauka. Kiatu cha Neema nimekirudisha ndani ya mfuko, kitupu. Maneno yale mengine, ya kunisamehe, hayajasemwa na sitayaulizia.

Kesho nikiamka na pumzi, nitakata sponji laini, tabaka moja tu, na kuibandika kwenye malapa yake ya ndani. Kisha nitanyamaza, nisikilize anavyotembea kutoka jikoni mpaka mlangoni, na nimwache aseme yeye.