Pistoni Mpya za Baba Upendo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Baba naye mfikishie shikamoo yake. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe, ameshazaa? Sisi huku Dar tu wazima, joto tu ndilo linatukomesha. Upendo kikohozi kimemwacha.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba ni vyumba viwili na mume wangu ana masikio. Barua anaileta wifi Aichi, anatangulia na basi kesho.

Mama, ni lile gari. Unawajua wanaume wa Machame walioko huku. Ikifika Desemba, safari ya Krismasi, wanasubiriana Chalinze na magari yao, halafu kila mtu anataka awe wa kwanza kufika kihambani kwao, kwenye migomba ya wazazi. Mwaka jana Baba Upendo alikuwa wa nne, wakamtania mpaka mbuzi akaisha. Basi akaenda kwa fundi akaongezewa presha ya turbo. Likawa linaruka hilo! Mwezi uliopita likaanza kugonga ndani. Fundi akamwambia, "Bosi, pistoni zilizokuja na gari, na konrodi, vile vyuma vinavyozishika, hazibebi presha hii. Ipunguze, au tufungue injini tuweke ngumu."

Akachagua ngumu. Nikamsihi apunguze tu. "Mama Upendo," akaniambia, "huu ndio usalama wenyewe. Injini haitapasuka." Haya, injini haitapasuka. Na sisi tulio ndani je? Mifupa yetu nani atatuwekea migumu?

Ndipo nikafanya jambo, na usiku wa jana sikulala kwa ajili yake. Alipokwenda Morogoro kikazi nilimfuata fundi gereji. Ni kijana wa huko nyumbani Kilimanjaro, wa Uru, nikamlilia kama dada yake. Nilimwomba asifungue kitu, arudishe presha ya zamani, halafu adanganye kwamba pistoni mpya zimeingia ila gari liendeshwe taratibu kwanza, mpaka zizoee. Akakubali. Mume wangu akaanza kuendesha kwa adabu, huku akijichekea mwenyewe. Nami nikajiona mjanja kweli.

Jana tunakula akasema, "Nitalibembeleza mpaka Chalinze. Kuanzia pale, lori lolote nalipita kama limesimama."

Nililirudisha tonge sahanini, Mama. Atatoka kulipita lori akitegemea nguvu ambayo haimo, na mbele kuna basi linakuja. Upendo yuko kiti cha nyuma. Nilidhani nimemwokoa mwanangu, kumbe mimi ndiye nimemweka hapo!

Nilikaa kuandika ili nikuombe umpigie wewe umkataze mbio, maana hawezi kumkatalia mama mkwe. Sasa naona haya. Uongo ni wangu, kwa nini ubebe wewe? Nitamwambia leo, akirudi kutoka kazini, na Upendo nitampeleka kwa jirani asisikie. Atafoka, namjua. Labda atanuna mpaka Pasaka. Naogopa kweli, lakini nitasema.

Nisalimie shangazi Ndeshi wa kwaya, na kaka Elia, mwambie asimchinje yule beberu kabla hatujafika. Bibi mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Na siku hiyo, Mama, tukishuka hatusemezani, usituulize kitu mbele ya watu. Wewe hesabu tu kama tumeshuka watatu.

Mwanao anayekuhitaji,
Mama Upendo