Kwa Amondi, Aliyemhamishia Tindi Kambi Muru

Mwaka mzima umekatika, Amondi, tangu mapafu yako yakatae kazi na sisi turudi nyumbani Kisumu Ndogo kutoka hospitali na shuka lako mkononi. Watu walituambia mwaka ukiisha mtu hupata nafuu. Uongo mtupu. Mama bado anapakua chakula, halafu anasimama na mwiko, anaangalia mlango.

Ulikuwa mtu wa watu. Hukumpita mtu bila "niaje", na ukisimama kumsalimia, tayari penseli iko mkononi unamchora. Wachapishaji walipokupa kazi ya kuvigeuza vile vitabu vya zamani vya Tindi, msichana mpelelezi, viwe vitabu vya picha, ulikuja mbio kwa Mama kwenye meza yake ya kuuzia visamaki vya omena. Ni yeye aliyekusomea Tindi ukiwa mdogo. Vitabuni Tindi anaishi kwenye jumba lenye bustani, na baba yake ana gari. Wewe ukasema, "Mama, huyu namhamisha. Atakaa Kambi Muru hapo jirani, na apange foleni ya maji kama sisi." Mama alicheka mpaka akamwaga omena za mteja.

Ukampa Tindi uso wa mdogo wako Adhis, na ile tabia yake ya kuuma kola ya shati akifikiri. Mzee Wanzala, fundi viatu, ukamfanya mwizi. Tulidhani atakasirika, kumbe akatangaza mtaa mzima, "Mnaniona? Mimi ndio mwizi wa kitabu!" Vitabu viwili vilitoka hivyo, na watoto wa huku wakaanza kumwita Adhis kwa jina la Tindi.

Habari ya cha tatu ndiyo imetushinda kukuambia mwaka huu wote.

Kurasa ulizoea kuzibandika ukutani, ubavuni mwa kitanda, uzitazame ukiwa umelala, ufute hapa, uongeze pale. Ukiridhika ndipo unazipeleka Kawangware kwa Collins, mchoraji mwenzako, azitie wino na rangi. Za mwanzo alikuwa nazo. Za mwisho, pale Tindi anapokutana na mwizi ana kwa ana, zilikuwa bado ukutani, penseli tupu, kingo zimeshika moshi wa jiko.

Tulikuwa mochari siku majirani walipoingia kutuandalia nyumba. Mama Kaluki, yule wa mlango wa pili, alitusimulia baadaye akilia. Aliona ukuta umechakaa na makaratasi yenye moshi, akawaambia wenzake, "Kweli wageni wa matanga wakae hapa? Leteni unga wa ngano tukoroge gundi." Wakabandika magazeti juu ya kila kitu, vizuri kabisa, kama mtu yeyote huku anavyofanya akitaka nyumba ipendeze. Tuliporudi tukawashukuru. Hatukuwa na macho ya kuona kilichofunikwa.

Collins alikuja baada ya mazishi kuulizia kurasa, na hapo ndipo tulipogundua. Alijaribu, Amondi. Maji ya uvuguvugu, sponji, polepole kama anaosha kidonda. Kila gazeti lilipotoka lilitoka na karatasi yako. Tulipata kipande cha kola na nusu ya mdomo. Adhis akauliza, "Sasa mimi niko wapi?"

"Wacha, Collins," Mama akasema. "Unamuumiza."

Tumekasirika, tusikufiche. Tumekasirika na hatuna wa kumkasirikia, maana Mama Kaluki alitaka tu watu wakulilie mahali pasafi. Siku hizi anapita njia ya nyuma asikutane na Mama. Mama naye hamwiti.

Wachapishaji walimwomba Collins azichore upya hizo za mwisho. Alihangaika nazo muda mrefu, kisha akaja kwetu, akaketi, akamtikisia Mama kichwa. "Laini za penseli naeza chora, Mathe. Lakini huyo msichana akinigeukia, ni kama hanijui."

Basi kitabu hakitatoka, Amondi. Wachapishaji wamekiacha. Tumeona heri uambiwe na watu wa nyumbani.

Watoto walikuwa wakimuuliza Adhis kama Tindi alimshika mwizi, naye akiwajibu bado anamtafuta. Juzi alimwambia Mama amechoka, anataka aitwe Adhis tu.

Unakumbukwa na Mama, kaka yako Okello, dada yako Aoko, Adhis, mjomba wako Omolo, Collins wa Kawangware na Mzee Wanzala. Jana Mama Kaluki alisimama nje ya mlango, akamwomba Okello jina lake nalo liwekwe kwenye tangazo hili la kumbukumbu. Okello akamgeukia Mama. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana; aliendelea kuchambua omena. Tumeliweka.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakiza.