Mtoro Aliyeketi Benchi la Mbele

Shangazi, shikamoo. Nishike mkono kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo natakiwa kusaini ripoti. Mimi ni mwanaanthropolojia, kazi yangu ni kukaa na watu na kujifunza wanavyoishi, na miezi minne sasa niko timu moja na daktari na mtakwimu, tunachunguza kwa nini wagonjwa wa presha kwenye zahanati moja hawachukui dawa, na pale ukiitwa dirishani mara moja usiitike unaandikwa "mtoro", basi daktari anataka ripoti ipendekeze watoro wote wafutwe kwenye orodha ya dawa za bure, na mimi nimekaa benchi lile na daftari langu, nimemwona kwa macho yangu mzee mmoja mshona viatu, mhojiwa wangu namba kumi na saba, masikio yake ni mazito, jina likaitwa naye katulia tuli benchi la mbele, kadi mkononi, akaandikwa mtoro, na mara ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na kinamama wanaofagia maofisi nao hufika alfajiri wakaondoka kuwahi kazi dirisha halijafunguliwa, nao ni watoro, nikayasema kikaoni daktari akacheka, "Dada, wewe tuletee hadithi, ushahidi tuachie sisi," nami nikatikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe, kwa sababu wao ni wawili na nilitaka wanione mwenzao. Sasa nisaini, au nijitoe niende zangu?

Mwenye Daftari

Marahaba, Mwenye Daftari. Pole. Kukaa meza moja na watu wanaodhani umekuja kuwapigia soga kunauma, najua. Lakini kujitoa ni kususa, na ukisusa wenzio twala. Hapa kitakacholiwa ni dawa za yule mzee.

Kabla sijamgeukia daktari wako, nikuulize wewe, mwanangu. Mara tatu ulikuwepo. Mara tatu jina liliitwa ukalisikia, wewe mwenye masikio mazima. Ukafanya nini? Ukaandika! Daktari amemwita mtoro, wewe umemwita namba kumi na saba, na katika usomi wenu wote hakuna aliyemgusa bega akamwambia, "Mzee, unaitwa." Sijui nani aliwafundisha kwamba anayetazama hana mikono.

Haya, sikiliza. Usisaini, na usijitoe. Daftari lako lina tarehe, rejesta ya zahanati nayo ina tarehe. Mpelekee mtakwimu vyote viwili, akuhesabie ni watoro wangapi walikuwa wameketi hatua tano kutoka dirishani. Huyo ni mtu wa hesabu, hatagombana nayo. Hadithi yako ikishavaa namba, daktari atakosa pa kuchekea. Kisha mwalike aje benchini asubuhi moja bila koti lake jeupe, tena afike alfajiri na kinamama. Akikataa, jina lako lisionekane kwenye ripoti yenye neno hilo "mtoro", na sababu uitoe kwa maandishi, mbele ya wote.

Hayo ni ya Jumatatu. Kesho zahanati ikifunguliwa, nenda ukaketi kando ya mzee. Daftari liache nyumbani, utahitaji mkono mtupu.