Samli ya Jumatano Imenifungia Mlango

Gashe Bezabih, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako na naomba usinicheke gazetini kama unavyowacheka wengine. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, naishi peke yangu hapa Dessie, kazi yangu ni kutarizi pindo za nguo za sikukuu, na huu ni mwezi wa saba sijanywa kahawa na mtu. Ilianza hivi, jirani mmoja alifiwa na mumewe, sisi wanawake wa chama cha kuzikana tukaingia jikoni kama kawaida, nikakabidhiwa sufuria kubwa la mchuzi wa dengu kwa kuwa sifa yangu ni kutokosea, na mimi nikasahau kabisa kwamba ni Jumatano, watu wamefunga nyama na maziwa, nikatia samli, miiko mitatu mizima, na wa kwanza kuonja akawa kasisi mwenyewe, akatema pembeni mbele ya hema zima la waombolezaji. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja nimwite Etiye Askale, akasema, “Jamani, huyu anataka tutangulie motoni kabla ya marehemu!” Watu wakacheka, hata mfiwa akacheka, mchuzi ukapelekwa kwa majirani zetu Waislamu, wakaula na kuusifu, na hapo wenzangu wakamaliza.

Mimi sijamaliza. Nikishika sindano naliona lile hema, pindo moja naifumua mara tano, najiambia huna maana wewe, kama alivyokuwa akisema marehemu mama, ambaye nikipika injera ishirini, hiyo mikate yetu myembamba, halafu moja tu ikatoboka, alikuwa akiuliza, “Ya nani hii? Mpe mbwa,” basi nami nikakua hivyo, jambo likiharibika popote naona ni mimi, hata mvua ilipochelewa mwaka jana nilijitafutia kosa. Kila Jumapili baada ya kanisa Etiye Askale alikuwa akigonga, “We binti! Kahawa inapoa! Au umeolewa kimyakimya?” nami nasimama nyuma ya pazia nimebana pumzi mpaka nisikie ndala zake zinaondoka. Aligonga majuma sita, akaacha. Sasa nasikia kinu chao kikitwanga kahawa upande wa pili, nasikia wanacheka, najua wananicheka mimi. Chakula hakina ladha, usingizi unakatika mapema, mwili mzito kama nguo iliyolowa. Nafikiria kujitoa kwenye chama nihamie Awasa, ambako hanijui mtu, na mara nyingine nawaza kwamba hata nisingekuwepo kabisa, ungejua ukuta tu. Niende au nibaki?

Wa nyuma ya pazia, Dessie

*

Wewe wa nyuma ya pazia, nisamehe, nimecheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Samli, Jumatano, kinywani mwa kasisi! Mimi nimeendesha lori njia ya Jibuti miaka ishirini na miwili, najua lugha sita na matusi ya lugha tisa, na samli nilizokula siku za kufunga, tena kwa makusudi, zingejaza tangi la mafuta.

Haya, nimemaliza kucheka. Kaa tuongee.

Mwaka lori langu lilipopinduka kwenye mteremko wa Tarmaber hakufa mtu, ilimwagika ngano tu. Lakini nilijifungia ndani miezi minne. Shule niliishia darasa la sita, sikujua kama hali ile ina jina. Muuguzi mmoja, kasichana kembamba hivi, akaniambia, “Gashe, lori limeanguka mara moja. Wewe umeliangusha mara mia nne.” Akanieleza kwamba huzuni inayogeuka ugonjwa, wenyewe wanaiita sonona, huwapata kwa urahisi zaidi watu wa namna fulani: anayecheua kosa lake kama ng'ombe, anayejitwisha lawama zote, anayeamini atapendwa asipokosea tu, na anayejificha akiumia. Si kwamba kila mtu wa namna hiyo ataugua, hapana, ila mlango wake uko wazi zaidi. Mimi nilikuwa na tabia mbili kati ya hizo. Wewe dada unazo zote nne. Umenishinda, na walionishinda kitu ni wachache.

Hiyo si laana wala si ukichaa. Ulifundishwa ukiwa mdogo, kwa injera iliyotoboka. Mama yako apumzike kwa amani, lakini pale alikosea, na mbwa alifaidi bure.

Sasa nikugombeze kidogo. Mama wa watu amegonga majuma sita, na magoti ya umri ule! Unasema wanakucheka. Umesikia maneno? Umesikia kicheko tu, maneno umeyatia mwenyewe. Awasa nimefika, samaki wake watamu, lakini huko utapata ukuta mwingine na usiwe na hata wa kukugongea. Usiende.

Na lile la kutokuwepo, hilo silitanii. Ukimaliza kusoma hapa, mwambie mtu kwa mdomo wako, leo. Wazo la kujidhuru likikujia, usikae nalo peke yako hata dakika moja, toka, nenda hospitali muda huohuo. Na hata lisipokuja, Jumatatu unakwenda. Waambie huli, hulali, miezi saba. Wana njia za kukuongoza kwa mazungumzo, na dawa zipo zikihitajika. Mimi walinitibu, na mimi ni mbishi kuliko wewe.

Ukisoma hapa ni Jumapili. Usingoje kugongewa. Oga, vuka upande wa pili, keti kwenye kahawa yao. Mzunguko wa kwanza wa vikombe, kati ya ile mitatu, watakutania kuhusu samli, vumilia. Wa pili watakuwa wameshahamia kwa mtu mwingine, maskini. Usinyanyuke kabla ya wa tatu. Huo wa tatu mwinamie Etiye Askale sikioni, umwambie, “Naumwa, kesho nisindikize hospitali.”

Atakusindikiza. Nawajua wanawake wa aina yake, nimeoa mmoja.