Mama Salma, Nilisema Sikujui

Mama Salma wangu,

Tulikuzika mwezi uliopita, na tangu siku hiyo, hapa mtaa wa Kibenga ninakokaa sasa, naandika na kuchana. Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, kwa sababu nililokutendea nililitenda mbele ya watu.

Nilikuja kupanga kwako Buyenzi nikitoka kwetu milimani. Mji ulikuwa umeshagawanyika, mtaa huu wa hawa na ule wa wale, na msichana wa kabila langu hakuthubutu kupita peke yake kwenda chuo kikuu kule Mutanga. Ni watu wa Buyenzi tu, Waislamu wa siku nyingi, waliohesabiwa hawana upande. Chumba ulichonipa kilikuwa nyuma ya gereji, daftari zangu zote zikanuka oili. Ulinifunga ushungi kwa mikono yako, ukanipa jina la mwanao wa pekee aliyekufa kwa surua, tukatoka kwa miguu.

Kwenye bariyeri ya kwanza, vijana wa upande wa pili waliofunga njia wakauliza huyu ni nani.

"Mutoto yangu, Salma," ukawajibu kwa ukali. "Anaenda masomo. Munataka nini tena?"

Wakatupisha. Tulipita hivyo karibu kila siku, miaka miwili.

Njiani ulipenda kuniuliza wametufundisha nini. Nilikuwa nasomea fedha za kampuni, yaani namna kampuni inavyoamua kuweka mtaji wake hapa na si pale. Siku moja nikakueleza kwamba anayeweka mtaji penye hatari lazima adai faida kubwa zaidi, la sivyo ni mjinga. Ulicheka mpaka ukasimama katikati ya njia.

"Basi mi ni mujinga. Kila siku napita kwa bariyeri na we, na sikudai kitu."

"Mama, hayo ni mambo ya kampuni."

"Haya, soma hayo. Lakini kwangu usikuje na moyo ya kampuni."

Kwa kawaida uliniacha chini kidogo ya Mutanga, kabla ya bariyeri ya pili. Ile ilikuwa ya vijana wa upande wangu, na pale ushungi niliuvua. Lakini asubuhi ya mtihani wa mwisho wa somo lile risasi zilikuwa zinalia, ukakataa kurudi. Ukasema utanifikisha mpaka mlangoni.

Kwenye bariyeri ile tukamkuta kijana niliyekuwa nakaa naye benchi moja darasani, rungu mkononi. Akakupandisha na kukushusha kwa macho.

"Unakaa na hao wa Buyenzi, wanaoficha adui?" akaniuliza. "Huyu maman ni nani yako?"

Niliogopa, Mama. Niliogopa kuitwa msaliti, na leo sifichi, niliogopa pia kuukosa mtihani.

"Simjui," nikasema. "Tumekutana tu njiani."

Ulinitazama mara moja tu. Kisha ukanisaidia kudanganya.

"Ni kweli, mi apana jua ye. Napita tu, natafuta dawa."

Wakaniruhusu nipite. Nyuma yangu nikasikia kofi, halafu rungu, halafu sauti yako ikimtaja Mungu. Sikugeuka. Niliingia ukumbini nikakaa kwa muda wa saa tatu, na swali la hatari na faida nililijibu vizuri kuliko wenzangu wote. Alama zile ndizo zilizonipa kazi ya benki niliyonayo.

Jioni nilikukuta jikoni, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, unasonga ugali kwa ule mwingine. Majirani ulikuwa umewaambia uliteleza bombani.

"Mutihani?" ukauliza.

"Umekwenda vizuri."

"Alhamdulillahi. Kula."

Hukuligusa tena jambo lile, na mimi nikajifanya kwamba kunyamaza kwako ni kunisamehe. Nilipopata kazi nikahama. Kila Idi nilikuletea mchele na sukari, nikaondoka upesi, nikisingizia kwamba njia si salama. Mara nyingine njia ilikuwa salama kabisa.

Siku ya mazishi, ndani kwako, wanawake walitandika mkeka karibu nawe. Mmoja wao akasema, "Watoto ya marehemu wakae hapa."

Hakuna aliyekaa. Wakasubiri kidogo. Kisha bibi mmoja akanong'ona, "Masikini, hakuacha mutoto." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimevaa nguo za kazini, hatua tatu tu kutoka ule mkeka. Sikwenda. Nilijua nikikaa wataniuliza tangu lini, na ningelazimika kuwaeleza yote. Wakaja kukuchukua, na mkeka ukakunjwa vilevile ulivyotandikwa.

Pumzika, Mama, na ukiweza unisamehe. Aliyeniuliza yule mama ni nani yangu, leo namjibu, na nyote mnaosoma mnisikie, maana Mama mwenyewe hanisikii tena: ni mama yangu.

Binti yako